Nani amepima? Barua ya wazi kutoka Kadutu

Kwenu mlio na madaraka juu ya elimu katika Kivu Kusini. Kwenu waratibu wa shule za Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu na Waislamu. Kwenu wakurugenzi wa redio za Bukavu. Na kwenu wakuu wa vyuo vyetu na wa kituo cha utafiti cha Lwiro.

Waheshimiwa,

Nimefundisha biolojia katika sekondari za mji huu kwa miaka 19, na sijawahi kuwaandikia. Mishahara ilipochelewa sikuandika. Upepo ulipoondoa mabati ya darasa tulichangishana na wazazi, sikuandika. Leo naandika kwa sababu ya swali la binti wa miaka 17.

Jumapili moja jioni redio ya hapa mjini iliendesha mjadala wa saa mbili. Maswali yalikuwa mawili: je, mtu ametoka kwa nyani? Na mvua hizi zinazotuua, ni adhabu ya Mungu au ni moshi wa viwanda vya Wazungu? Walialikwa watu wawili wanaojua kusema sana. Simu zikaingia kutoka Bagira, Nguba, Panzi, hata Kavumu. Nilisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho huku nikisahihisha madaftari. Mmoja alitaja Biblia, mwingine alitaja alichokiona katika simu yake, na kila mtu alimwombea mwenzake afunguliwe macho. Katika saa mbili zile hakuna aliyeuliza: nani amepima? Amepima nini, wapi, kwa chombo gani, na mwenzake alipopima tena alipata nini?

Kesho yake binti wa mwaka wa tano alisimama darasani. "Mwalimu, kwenye Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, nijibu kile kilicho katika programu au kile ninachoamini?" Darasa zima likanyamaza kumsikiliza mwalimu. Nilimwambia ajibu kile kilichopimwa, na aendelee kusali. Lilikuwa jibu la mtu aliyebanwa na kengele. Jibu alilostahili linahitaji vitu ambavyo mimi sina, na ninyi mnavyo.

Nianze na neno lenyewe, maana hapa kwetu lina kidonda. Wazee wetu hawakulisikia neno *évolution*, yaani mageuko, kwanza katika somo la biolojia. Walilisikia ndani ya neno *évolué*. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha kadi ya ustahilifu wa kiraia, na mwaka 1952 ikaongeza daraja la juu zaidi, ili Mkongomani "aliyeendelea" atengwe na ndugu zake. Wakaguzi waliingia nyumbani kwa mtu kuangalia kitanda, meza, uma na kisu. Na kabla ya hapo, Septemba 1906, kijana wa Kongo aitwaye Ota Benga aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, pamoja na orangutani, watu wapite wakimtazama. Wachungaji weusi wa mji ule ndio waliopiga kelele mpaka akatolewa. Hakurudi nyumbani, alijiua mwaka 1916.

Kwa hiyo mzee wa Kadutu anapokasirika kusikia "mtu" na "nyani" katika sentensi moja, hasira yake ina historia. Mwalimu anayemcheka haijui historia hiyo. Mimi nilimcheka mmoja, miaka yangu ya kwanza, mzazi aliyekuja shuleni kulalamika, na hadi leo najuta.

Lakini tazameni kile kilichopimwa kinasema nini. Hakisemi kwamba mtu alizaliwa na sokwe tunayemwona Lwiro. Kinasema mtu na sokwe wana mababu wamoja waliokufa zamani mno, miaka milioni 6 au 7 iliyopita, kama vile mimi na binamu yangu tusivyozaana lakini tuna babu mmoja. Kinasema watu wote wa dunia, yule mkaguzi wa uma na yule aliyekaguliwa, ni aina moja ya kiumbe, na chimbuko lao ni Afrika. Mwaka 1871 Darwin mwenyewe aliandika kwamba huenda mababu wa binadamu waliishi bara hili, kwa kuwa gorila na sokwe, walio karibu nasi kuliko wanyama wengine, wanaishi huku. Wataalamu wa Ulaya walikawia sana kumkubali. Wengi walipenda kutafuta chimbuko kwao. Sayansi hiyohiyo iliyopotoshwa ili kututukana ndiyo iliyokuja kubomoa tusi. Mwanafunzi wa Bukavu asipoambiwa hivyo, anabaki na tusi peke yake.

Na ushahidi haukuletwa na meli. Huko kwa ndugu zetu wa Kivu Kaskazini, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba mwaka 1950 akapata mfupa wa Ishango, wenye mikato iliyopangwa kwa mafungu, wa miaka karibu 20,000. Chini kidogo kwenye mto huohuo, Katanda, zilipatikana ncha za chusa zilizochongwa kwa mfupa, zenye miiba, za kuvulia samaki wakubwa. Waliokadiria umri wake walifika kwenye miaka 90,000. Mvuvi wa Kivu alikuwa na chusa la mfupa enzi ambazo Ulaya haijaonyesha kitu kama hicho. Mfupa wa Ishango uko Brussels. Wanafunzi wangu wameuona kwa sababu nimeuchora ubaoni, na mimi si mchoraji.

Nikifika kwenye uteuzi wa asili siendi mbali pia. Namwomba darasani anayejua mtu mwenye SS, yaani ugonjwa wa selimundu, anyooshe mkono, na mikono inainuka mingi. Mtoto akirithi kasoro ile ya damu kwa baba na kwa mama, anaugua. Akirithi kwa mmoja tu, yaani AS, anaishi vizuri, na malaria kali inamshinda kwa shida zaidi kuliko mwenzake wa AA, asiyeirithi kabisa. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki akachapisha jambo hilo mwaka 1954: kasoro inabaki kwa wingi pale mbu wa malaria walipo, kwa sababu pale inaokoa wengi wanaoibeba nusu. Huo ndio uteuzi wa asili, umeandikwa katika damu ya familia zetu. Nimeona binti akilia katika somo hilo. Baadaye alikuja kuniambia kwamba kwao waliambiwa mdogo wake alirogwa na shangazi, na shangazi alifukuzwa.

Halafu kuna Kamituga. Kuanzia Septemba 2023 ugonjwa wa mpox ulienea katika mji ule wa wachimba dhahabu. Maabara ziliposoma chembe za urithi za virusi zilikuta vimebadilika, na mabadiliko yale yalikuwa ya namna inayoachwa na mwili wa binadamu: maana yake virusi vilikuwa vinapita kutoka mtu hadi mtu, havingojei tena mnyama wa porini. Aina hiyo ya virusi ikapewa jina jipya, klade Ib. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa. Mageuko hayo, waheshimiwa, yalitokea ndani ya jimbo letu, sisi tukiwa bado tunabishana redioni kama mageuko yapo.

Kwenu mapadri na wachungaji nasema kama mtoto wa kanisa. Nilibatizwa, nimefunga ndoa kanisani, nimezika wazazi wangu kanisani. Tarehe 22 Oktoba 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili aliiandikia Akademia ya Kipapa ya Sayansi kwamba nadharia ya mageuko sasa inatambulika kuwa zaidi ya dhana tu, huku akishikilia kwamba roho ya mtu yatoka kwa Mungu. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliandika barua nzima juu ya dunia, nyumba yetu sote, akakubali yaliyopimwa na wanasayansi juu ya tabianchi. Na aliyependekeza kwamba ulimwengu unatanuka kutoka chanzo kimoja alikuwa padri, Georges Lemaître wa Ubelgiji. Katika parokia yangu sijasikia hata moja kati ya hayo likitangazwa. Waumini wanaodhani kwamba lazima wachague kati ya somo langu na Misa hawakujitungia wazo hilo, kuna aliyenyamaza. Najua makanisa mengine yana msimamo tofauti, nami siombi mchungaji ahubiri biolojia. Naomba asimwambie mtoto kwamba mwalimu wake anamtumikia shetani.

Sasa niseme juu ya mvua.

Alhamisi tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa siku ya soko Nyamukubi, katika Kalehe. Jioni mito ilishuka na mawe na udongo, ikachukua nyumba za Nyamukubi na Bushushu pamoja na watu wake. Miili iliyopatikana ilizidi 400, na wengine wengi hawakuonekana tena. Si mara ya kwanza. Oktoba 2014 maji yalikuwa yameua watu hukohuko Kalehe. Katika shule yangu watoto wawili walikuwa na shangazi Bushushu. Wiki iliyofuata nilisikia maelezo ya kila aina: dhambi, uchawi wa mtu aliyenyimwa shamba, miti iliyokatwa kwa ajili ya makala ya kupikia, nyumba zilizojengwa njiani mwa maji, joto la dunia. Mengine kati ya hayo yanaweza kupimwa. Basi, yalipimwa?

Timu ya kimataifa inayoitwa World Weather Attribution ilijaribu. Kazi yao ni kukadiria kama ongezeko la joto la dunia limezidisha mvua fulani, na kwa kiasi gani. Wamefanya hivyo kwa mafuriko ya Ulaya, Asia na sehemu nyingine za Afrika. Juni 2023 walichapisha jibu lao juu ya ziwa Kivu: hawawezi kusema. Takwimu za mvua kwa eneo hili ni chache mno. Vituo havitoshi.

Nimelisoma jibu hilo mara nyingi. Watu zaidi ya 400 walikufa, na dunia iliposema tupime sababu, ikakuta hapakuwa na anayeandika mvua. Naona aibu kwa ajili yetu sote. Naona pia uaminifu: hao ni wataalamu ambao ingekuwa rahisi kwao kusema "ni tabianchi", watu wakapiga makofi, na hawakusema. Hicho ndicho nilitamani wasikilizaji wa Jumapili ile wakisikie. Mtu wa sayansi anaruhusiwa kusema sijui, na akisema sijui anataja kitu gani kimekosekana ili ajue. Kwetu kimekosekana kipimo cha mvua, kitu ambacho mtoto wa darasa la sita anaweza kukitengeneza kwa chupa ya plastiki.

Kuhusu joto lenyewe, mabishano ya redioni yamechelewa sana. John Tyndall alipima mwaka 1859 jinsi gesi ya kaboni inavyozuia joto kutoka. Kabla yake, mwaka 1856, Mmarekani Eunice Foote alikwisha kuonyesha kwamba hewa yenye gesi hiyo ikianikwa juani hupata joto zaidi. Tangu mwaka 1958 gesi hiyo inapimwa juu ya mlima wa Mauna Loa, Hawaii. Ilikuwa sehemu 315 katika milioni. Leo imepita 420. Kabla ya viwanda ilikuwa karibu 280. Anayesema kwamba viwanda hivyo havikuwa vyetu anasema kweli, na serikali yetu idai kwa sauti kubwa katika mikutano ya dunia. Ila anayekwenda kudai fidia bila daftari la mvua anakwenda mikono mitupu.

Mama anayenunua ndagala wa Uvira pale Kadutu amekwisha kuingia katika habari hizi bila kuambiwa. Ziwa Tanganyika ni refu kwenda chini. Chakula cha mwani kiko vilindini, na upepo ndio unaokoroga maji hadi chakula hicho kiinuke juu. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, yanakaa kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo hauwezi tena kuyakoroga vizuri. Mwani unapungua, na ndagala anayetegemea mwani huo anapungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa mwani umeshuka kwa takriban asilimia 20. Wavuvi wengi na nyavu za macho madogo nao wana sehemu yao, tusiwasingizie Wazungu kila kitu. Lakini mweleze mama hivyo kwa Kiswahili, kwa mfano wa mchuzi, ataelewa kwa dakika mbili. Mimi nimejaribu kwa mama mkwe wangu. Aliuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: je, mvua ya radi haiwezi kukoroga mahali pa upepo? Huyo hajasoma hata darasa moja.

Na mtaa wa Funu, hapa mjini. Mnajua wote kwamba Funu inatembea. Nyumba zinapasuka, ngazi zinaachana na mlango. Mwaka 2022 jarida la Nature Geoscience lilichapisha utafiti uliolinganisha picha za zamani za angani na za satelaiti, ukaonyesha kwamba poromoko lile limeongeza mwendo, na kwamba mji wenyewe uliokua juu yake una mkono katika hilo. Yaani namna tunavyojenga, na maji yetu yanakoelekea, vinaweza kuusukuma mlima. Hiyo ni habari kubwa kuliko nyingi zinazosomwa saa moja jioni. Imeandikwa kwa Kiingereza. Nimewauliza wazazi wanaokaa Funu, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeisikia.

Najua mtakalonijibu: vita kwanza, mshahara kwanza, njaa kwanza. Nimeishi vita tangu nikiwa mvulana; nikingoja viishe ndipo nifundishe, nisingekuwa nimefundisha siku hata moja. Na ninayoomba hayahitaji pesa za wafadhili.

Wakurugenzi wa redio, msifanye tena mjadala wa sayansi bila mtu aliyepima jambo hilo au aliyefundishwa namna linavyopimwa. Lwiro ilianzishwa mwaka 1947 ili mambo ya huku yachunguzwe hukuhuku. Kuna watu pale wanaojua matetemeko, mimea, samaki, panya. Tuko nao mwendo wa gari usiofika hata nusu siku. Wapeni dakika kumi kwa juma, kwa Kiswahili, saa ambayo akina mama wanapika na redio iko wazi. Wakitumia neno gumu, mtangazaji awakatize mpaka waliseme kama watu.

Wakuu wa vyuo na wa Lwiro, kila utafiti unaohusu kilima ambamo watu wamelala, urudi kilimani kwa ukurasa mmoja wa Kiswahili, usomwe na mkuu wa avenue. Mnawaruhusu wageni kuchukua sampuli. Wekeni sharti hilo kabla hawajapanda ndege. Na mwombeni Brussels nakala ya mfupa wa Ishango, hata ya plasta, ikae mahali ambapo mtoto wa Bukavu anaweza kuishika.

Waratibu wa shule za makanisa, ninyi ndio tegemeo langu kubwa. Hakuna kilima katika Kalehe, Kabare au Walungu kisicho na shule yenu. Serikali haina mtandao kama huo, wala METTELSAT, shirika la taifa la hali ya hewa, haina, wala hakuna shirika litakaloujenga. Kila shule iweke kipimo cha mvua kimoja na daftari moja. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita ya mraba. Ikinyesha milimita 100, kila hekta ya kilima imepokea lita milioni moja. Mwanafunzi akishafanya hesabu hiyo kwa shamba la baba yake hahitaji kuambiwa kwa nini mti uachwe umesimama. Na siku mto ukishuka tena, atakayeuliza mvua ilikuwa kiasi gani atajibiwa kwa tarehe na saa.

Nanyi wenye madaraka juu ya elimu, toeni waraka mmoja unaosema wazi kwamba mageuko na tabianchi vinafundishwa kama vilivyo katika programu, na kwamba hakuna mwalimu atakayeitwa ofisini kwa kufundisha sura hizo. Mimi niliwahi kuitwa. Sitaitaja shule.

Kwetu tumekwisha kuanza. Chupa imekatwa, kichwa chake kimegeuzwa kuwa mdomo wa kupokelea maji, rula imebandikwa ubavuni, na imefungwa kwenye nguzo nyuma ya darasa, mbali na paa. Kila asubuhi saa moja mwanafunzi wa zamu anasoma, anaandika, anamwaga. Yule binti aliyeniuliza juu ya Exetat ndiye aliyechora mistari ya daftari. Kuna kurasa nyeupe, za majuma ambayo risasi zilitufungia nyumbani na hakuna aliyeweza kufika kwenye nguzo. Nimewakataza kuzijaza kwa kubahatisha. Daftari liko ndani ya kabati la darasa, na ufunguo anao mwenye zamu. Mkitaka kuliona, njooni kabla ya saa moja, mtamkuta amechuchumaa pale akisoma chupa.

Mwalimu wa biolojia,
Kadutu, Bukavu